Uzi: Wenye pikipiki za kawaida tupange Mbeya – Ngosi – Masoko – Matema kipupwe hiki

Mwana wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Mi nauza spea za pikipiki hapa Uyole mwaka wa tisa sasa, kila siku nawauzia watu tairi na breki shuu za kwendea huko Tukuyu na Kyela, lakini mwenyewe Matema nimefika mara moja tu, tena kwenye msiba, tukazika tukala ubwabwa tukageuza usiku huohuo, ziwa Nyasa nililiona kupitia dirisha la kosta. Ngosi, lile ziwa la volkano juu mlimani, ndo kabisa, naisikia kwa wageni wanaoniuliza njia. Yaani ni aibu.

Sasa tumejikuta wanne tuna hamu moja. Vyombo ni Boxer 150 mbili, TVS moja na XL 125 ya mzee wangu ambayo kiumri inanizidi ila haijawahi kunilaza njiani. Tunataka mwisho wa mwezi wa tano au mwanzo wa sita, masika imeisha, majani bado mabichi, vumbi halijaanza fujo zake, kipupwe ndo kinapiga hodi. Plani: Jumamosi saa 12 asubuhi tunatoka, tunapanda Kitulo, tunarudi Isyonje, Ngosi, Daraja la Mungu, tunalala Tukuyu. Jumapili ziwa la Masoko, Matema, tunaogelea, jioni tuko Mbeya, Jumatatu kazini.

Naomba mawazo, hasa ya waliopita na chombo cha kawaida, sio wale wenye mapikipiki ya bei ya nyumba.

Siti ya Mbele

Nimekaa hapa na kahawa yangu. Uzi usife.

Fundi wa Kiwira

Kaka hiyo plani umeipanga kwa kidole kwenye ramani ya simu. Kilomita sio tatizo, Mbeya Tukuyu ni kama 70 tu, lami tupu, bodaboda wanaenda na kurudi wakiwa na kuku wamening'inia. Tatizo ni kwamba vitu vyote ulivyotaja haviko barabarani. Ngosi ni kuacha lami Isongole, unaingia ndani, afu chombo unakiacha unapanda kwa miguu msituni saa nzima au zaidi kutegemea kitambi. Daraja la Mungu nalo ni kuchepuka. Ukijumlisha na Kitulo utafika Tukuyu saa 4 usiku kwenye ukungu, unamtafuta mwenye gesti kwa simu.

Sasa kikubwa nilichotaka kusema. Toka juu Isyonje mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita 1,500. Mi nipo hapa Kiwira nawaona kila wiki wanaoshuka, anakuja mtu breki ya nyuma hamna kitu, nafungua dramu inatoka harufu kama pasi iliyosahauliwa kwenye suruali, breki shuu imekuwa inang'aa kama kioo. Namuuliza ulikuwa gia ya ngapi, anasema free, yaani hana gia yoyote, alikuwa anabana mafuta. Anabana mafuta ya buku anakuja kunilipa mimi! Mteremko unaushuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia, mbili au tatu, injini ndo ikushike, breki unagusa unaachia, unagusa unaachia. Na usikae nyuma ya semi linaloshuka ukidhani uko salama kwa sababu linaenda taratibu, likikataa breki halikuangalii.

Jingine, XL ya mzee na hizo Boxer zote ni za kabureta. Juu kule hewa ni nyepesi, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, chombo kitakosa nguvu na kutoa moshi kidogo. Usianze kukorogakoroga skrubu barabarani. Ukishuka Kyela kitarudi chenyewe. Watu wanafungulia fundi wa njiani kabureta pale Isongole afu wakifika joto la Kyela pikipiki haitaki kuunguruma taratibu ikiwa imesimama, inazima, wanalaumu petroli ya sheli.

Kona 57

Mi mtu wa Matamba naomba niongee kuhusu Kitulo maana watu wa Mbeya mnaichukulia kama kibanda cha kunywea chai njiani.

Mkuu mwisho wa mwezi wa tano unaenda kuangalia nini? Maua yanaanza na mvua, Desemba mpaka Aprili ndo unakuta lile zulia lenyewe, hayo maokidi peke yake yametajwa aina 45. Ukija kipupwe unakuta nyasi, upepo, na asubuhi jalidi nyeupe kwenye majani kama mtu kamwaga chumvi. Uwanda wote ule uko kama mita 2,600, vidole vinakufa kwenye klachi, unataka kubadili gia mkono haukusikii. Hifadhi yenyewe imeanzishwa 2005 na watu wakaipa jina Bustani ya Mungu, bustani hautembelei wakati haina maua.

Na kuja kwetu mwendesha pikipiki anayejiheshimu haji kwa Isyonje, anapita Chimala. Pale unapanda ukuta wa mlima kona 57, zimehesabiwa, ndo jina langu hilo. Ukigeuka nyuma unaona bonde lote la Usangu lipo chini limelala. Hiyo ni safari ya kwake, mwezi wa pili, siku mbili nzima. Ukitaka kuingia hifadhini uliza ofisini palepale Matamba taratibu za kulipia, usijikatie njia na pikipiki kwenye nyasi.

Mwana wa Uyole

Kona 57 umenimaliza. Kitulo nimeitoa. Fundi wa Kiwira hiyo ya free naomba nisiseme nani kati yetu wanne huwa anafanya.

Mbali na Nyumbani

Nimecheka hapo kwenye pasi. Mi mtoto wa Tukuyu ila niko Marekani, jimbo la New York, huku juu kwenye maziwa yao wanayoita Finger Lakes. Ni maziwa 11 marefu membamba kama vidole, yamechimbwa na barafu zamani. Ikifika mwezi wa kumi wenye pikipiki wote wanatoka, majani ya miti yanakuwa mekundu na manjano kabla ya kupukutika, barabara imezunguka maji, vibanda vinauza tufaha na maboga. Kila nikiwaona nawaza kwetu tuna maziwa ya volkano, kila moja kwenye shimo lake, na hakuna anayefunga begi kwenda kuyaangalia. Swali langu, kwetu kuna msimu wowote majani yanabadilika rangi hivo? Nimesahau kabisa.

Kona 57

Yapo mkuu ila kinyume na huko. Huko yanakuwa mekundu yakifa, kwetu yanakuwa mekundu yakizaliwa. Panda barabara ya Chunya mwezi wa tisa kuelekea wa kumi, miyombo inatoa majani mapya kabla hata tone la mvua halijadondoka, mlima mzima unakuwa rangi ya shaba, mengine mekundu kabisa kama divai. Wiki chache tu yanakuwa kijani. Watu wanapita na makosta wamelala.

Mama Chai Katumba

Wanangu mimi nipo Katumba huku kwenye chai, pikipiki napanda nyuma tu, lakini hili la hali ya hewa acheni niseme. Huyo aliyesema masika imeisha anaongelea Mbeya. Rungwe mvua haina masika wala nini, inashuka zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na mwezi wa tano bado inanyesha, mwezi wa sita ndo inabaki yale manyunyu ya asubuhi na ukungu. Mkija mwisho wa mwezi wa tano mtalowa. Sogezeni mpaka katikati ya mwezi wa sita. Kanunueni yale makoti ya mpira, yale jaketi ya mtumba mnayovaa yanakunywa maji mpaka yanazidi uzito wa abiria.

Kingine gazeti. Mume wangu alikuwa dereva, akishuka Mbeya asubuhi alikuwa anaweka gazeti kifuani ndani ya shati, upepo haupiti. Hakuna kifaa kinachoshinda gazeti.

Daraja la Mungu msipite hivihivi. Ni mwamba wa volkano umejijenga juu ya mto Kiwira, maji yanapita chini, hakuna mkono wa mtu. Kijungu kiko mbele yake, maji yanaingia kwenye shimo kama chungu yanapotea yanatokea upande wa pili. Ila pale ni eneo la chuo cha Magereza, mnasimama getini mnasalimia mnajieleza mnaandika majina, msifike na mapikipiki yenu mnapiga resi. Na mkiona watoto wa shule wanatoka huku kwetu punguzeni mwendo, barabara ndo njia yao.

Mwana wa Uyole

Shikamoo mama. Katikati ya mwezi wa sita imepita, na magazeti tutanunua.

Mama Chai Katumba

Marahaba. Nunueni ya jana, ni bei rahisi.

Mkyela Halisi

Nilikuwa nasubiri mfike kwangu. Masoko kwanza. Toka Tukuyu usirudi lami kuu, shika ile ya Masoko inayoshuka mpaka Ipinda, ina vipande vya vumbi na mawe ila ndo njia yenyewe, migomba, kakao, parachichi, ziwa liko pembeni ya barabara limezungukwa na miti huwezi kudhani lipo. Na sio hilo tu, eneo lile lina maziwa madogo ya volkano kadhaa, Ilamba, Itamba, Itende, mengine lazima umpate mwenyeji akutembeze mashambani. Pale Masoko Wajerumani walikuwa na kambi vita ya kwanza, jengo lao la mawe liko palepale. Wazee wanasema walipozidiwa na Waingereza walitupa silaha na hela ziwani. Watoto watakuletea sarafu za heller wanakwambia zimetoka majini. Kama zimetoka majini au kwenye kabati la babu mi sijui, lakini heller ya Mjerumani ni heller, iko wazi tarehe imeandikwa.

Ukishafika Ipinda unakutana na lami ya Matema. Hapo ndo utaona ile milima ya Livingstone imesimama kama ukuta na ziwa limekuja kujibanza chini yake. Sasa sikieni:

Msifike Matema Jumapili. Fikeni Ijumaa jioni au Jumamosi alfajiri, maana Jumamosi ndo gulio la vyungu pale Lyulilo. Wakisi wa Ikombe, ng'ambo ya ile rasi, wanafinyanga vyungu wanavileta kwa mitumbwi, vimepangwa mchangani mpaka raha. Mkinunua msivifunge kwa mpira wa tyubu kama mnafunga kreti la soda, mwombeni mama aliyekuuzia akukunjie na majani makavu ya mgomba, wao wanajua.

Mwezi wa sita ni msimu wa mwera. Upepo wa kusini unalivuruga ziwa, mchana mawimbi kama bahari. Kama mnataka mtumbwi wa kwenda Ikombe nendeni asubuhi mapema. Mkuu ukisikia mvuvi anasema leo hapana, ni hapana, usimwongezee hela ashawishike.

Kuogelea ogeleeni pale kwenye mchanga mweupe, sio mtoni kunakoingia Lufilyo, kule kuna mamba, na maji yaliyotulia yenye majani yana kichocho. Mbu wapo, sio kama Mbeya, lala kwenye neti. Na msiondoke bila kula samaki mbasa wa kukaanga na wali wetu, huo mnaouziwa Mbeya mkiambiwa ni wa Kyela nusu yake haujawahi kuiona Kyela.

Tochi Imezimika

Mi naomba kuuliza, nataka kwenda na wife nyuma na mtoto wa miaka minne katikati, Boxer itapanda wakati wa kurudi?

Fundi wa Kiwira

Itapanda. Wewe ndo usipande. Mshkaki wa familia kwenye mteremko ule hapana, mpakie kosta wife na mtoto mkutane Kyela. Na wife akipanda nyuma elementi (kofia ngumu) ni mbili, sio yako tu afu yeye kajifunga mtandio.

Mwana wa Uyole

Plani mpya wakuu baada ya kuchapwa na kila mtu. Alhamisi Uyole mpaka Ngosi, Daraja la Mungu, kulala Tukuyu. Ijumaa Masoko, Ipinda, Matema. Jumamosi gulio na ziwa. Jumapili kurudi kwa lami ya Kyela mpaka Tukuyu mpaka nyumbani. Siku nne. Duka namwachia mdogo wangu, Mungu atanilindia.

Siti ya Mbele

Kahawa imeisha nimeweka chai. Tunasubiri mrejesho.

Mwana wa Uyole

MREJESHO. Tumerudi wanne wote wazima, naandika nikiwa na kiuno cha mzee.

Tulitoka Alhamisi saa 12 na nusu badala ya 12 kwa sababu yule wa free alikuwa anatafuta gazeti. Kupanda kuelekea Isyonje ukungu ulikuwa mzito, natembea na mwanga naona tu taa nyekundu ya mwenzangu na harufu ya majani. Kioo cha elementi kila sekunde kinajaa, nikakipandisha, machozi yakaanza kutoka yanaenda masikioni. Pale juu kuna wamama wamepanga viazi barabarani kwenye magunia ya lumbesa na moto wa kuni, tukasimama tukawaomba kuota. Mama mmoja akashika mkono wangu akasema "baba huyu keshakufa" akanipa kiazi cha kuchoma nikakishika tu kwanza kabla ya kula.

Ngosi tulichukua mwongozaji kijijini, tukaacha vyombo kwa mtu. Njia ni matope, mizizi na mianzi, mwishoni unapanda kwa mikono. Tumefika ukingoni hamna ziwa. Ukungu mtupu, kama umesimama ukingoni mwa dunia. Mwongozaji akakaa akatoa muwa akaanza kumenya, akasema tulieni. Tumekaa kama dakika arobaini jasho limegeuka barafu mgongoni, mwenzetu mmoja keshaanza kulaumu, ghafla chini kabisa tukaona kipande cha kijani, tukadhani ni msitu, kikaanza kukua, kumbe ndo maji. Mbali kule chini, kimya, hata ndege hukumsikia. Hakuna aliyetoa simu kwanza. Baada ya hapo ndo tukapiga picha mia na ishirini zote zinafanana.

Kushuka Kiwira gia ya tatu, injini inalia mvuum, na yule jamaa wa free tulimweka katikati kama mfungwa. Fundi nilipita kwako ulikuwa umefunga.

Sasa Masoko. Hapa ndo mnicheke. Kabla ya safari nilimpa fundi mmoja akaze cheni ya XL, sitamtaja, akaikaza kama gitaa. Mi muuza spea naiona na siisemi, nikajua italegea yenyewe. Tumepita ziwa, zuri, maji meusi ya kijani yametulia, mtoto kweli kaleta heller imeandikwa 1913, nikainunua. Tumeenda mbele kidogo kwenye mawe, tak! Cheni imekatika imejikunja nyuma kama nyoka. Nafungua begi: plagi ipo, kebo ya klachi ipo, tyubu mbili zipo, loki ya cheni hamna. Dukani kwangu ziko kwenye kopo la Blue Band, zimejaa!

Tukasukuma XL kwenye kivuli cha mwembe. Bodaboda akapita na mikungu miwili ya ndizi, akasimama bila kuulizwa, akaangalia, akafungua kiti chake akatoa loki iliyofungwa kwenye nailoni. Tumeifunga kwa jiwe na spana moja. Hela kakataa. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka lafudhi yangu mpaka akakaa chini. Nimechukua namba yake, kesho namtumia kopo zima kwa kosta.

Matema sina la kuongeza kwa Mkyela, kila kitu kilikuwa kama alivyosema hadi mvuvi kutukatalia mtumbwi wa saa 5. Tumeamka na ziwa, tumelala na ziwa, usiku mwera unavuma unasikia mawimbi kama malori yanapita TANZAM. Mbasa nilikula mara tatu kwa siku moja.

Kurudi Jumapili kupanda toka Kyela jua kali, Tukuyu tukavaa makoti, Isyonje tukarudisha magazeti kifuani. Siku moja misimu mitatu.

Mbali na Nyumbani

Umeniliza na hicho kiazi. Mafuta yalitumika kiasi gani?

Mwana wa Uyole

Boxer zilijazwa full Uyole zikaongezwa kidogo Kyela basi. XL ndo mlevi, ilijazwa mara mbili.

Mkyela Halisi

Na chungu je? Ulinunua?

Mwana wa Uyole

Nilinunua kimoja kikubwa cha wife. Kimepita Ipinda, kimepita Tukuyu, kimepita mashimo yote mpaka Igawilo kizima. Tuta la mwisho, la mtaani kwetu, mita hamsini toka getini, nikasikia kah.

Mkyela Halisi

Ulikifunga na nini?

Mwana wa Uyole

Mpira wa tyubu.

Mkyela Halisi

😂😂😂 Jumamosi ziko kila wiki mkuu.

Mwana wa Uyole

Kuku wanakunywea maji kwenye kile kipande kikubwa. Wife kasema nisirudi na kingine mpaka aende kukichagua mwenyewe, kwaiyo naanza kuulizia makosta.